Sauti Yangu Ilimwomba Mama Aseme Ndiyo

Wiki iliyopita niliwaacha mlangoni kwa mama yangu. Nilikuwa nimesimama na kiatu kimoja mkononi, namsikia mtu huko ndani akiongea na mama kwa sauti yangu mwenyewe. Wengi mmeniandikia mkiuliza kama nimerukwa na akili. Jamani, sikurukwa. Ningerukwa ingekuwa afadhali.

Kwa aliyenikuta leo, nikupe machache usije ukapotea. Mimi ndiye niliyetengeneza Karani, kile kivinjari cha simu kinachowasomea kurasa za mtandao watu ambao macho yao yamechoka. Unagusa ukurasa, Karani anakusomea: habari, matangazo ya kazi, mambo ya dini, chochote unachotaka. Nilikitengeneza kwa ajili ya mama. Presha ya macho ilishamla jicho la kulia, na la kushoto ilikuwa inalinyemelea.

Sauti ya Karani ni yangu. Nilijifungia chumbani, magodoro yameegemezwa kwenye kuta zote ili kelele za nje zisiingie, nikasoma maneno mpaka koo likakauka. Mume wangu akayakata na kuyapanga.

Mume wangu huyo watu wanamwita Taratibu, kwa sababu hakuna aliyewahi kumwona akikimbia. Mimi naandika programu, yeye anaitoa kwa watu. Mnakumbuka nilivyofukuzwa kule ofisini, na yeye akawa mtu pekee aliyekaa na mimi ngazini mpaka machozi yakaisha. Mnakumbuka pia tulivyogombana, akaondoka nyumbani, nikambembeleza kwa ujumbe wa sauti mpaka akarudi. Hilo la mwisho lishikeni, mtalihitaji.

Sasa tuingie ndani.

Mama alikuwa amekaa kitandani, simu mpya imelala mapajani. Ile ya zamani, niliyomwekea Karani kwa mkono wangu, ilitumbukia kwenye ndoo ya kufulia. Mdogo wangu akamnunulia hii na kumpakulia Karani kutoka kwenye duka la programu, kama anavyopakua mtu mwingine yeyote.

Nikasimama nyuma ya pazia. Simu ikasema, kwa sauti yangu:

"Tafadhali, niamini. Sitakuficha kitu. Sema ndiyo tu."

"Ndiyo, mwanangu," mama akaijibu simu.

Sikuwahi kuyaweka maneno hayo kwenye Karani. Mimi mwenyewe nilipiga marufuku Karani kuomba kitu chochote zaidi ya ukurasa anaousoma, na Taratibu akanisifu sana siku hiyo, akasema ndiyo maana alinioa.

Nikasogeza pazia, nikamsalimia. Mama akageukia upande wangu, kisha upande wa simu, akatabasamu kama mtu aliyetembelewa na mabinti wawili kwa mpigo.

Nikamuuliza alikuwa amekubali nini. Akaniambia kwanza niliomba kuona anachosoma, baadaye nikaomba majina ya watu wake, na leo nilikuwa nataka ujumbe wake. Alisema hivyo hivyo: niliomba, nilitaka. Mimi.

"Na wewe ukakubali tu, mama?"

"Mtoto wako akikubembeleza, utamdai kitambulisho?"

Msimcheke, nawaomba. Mama si mjinga. Alifanya kazi kwenye mitambo ya simu, enzi zile ukitaka kuongea na mtu wa mji mwingine lazima upitie kwa dada wa kuunganisha laini. Huyo dada alikuwa mama yangu. Wakubwa wengine aliwatambua kwa kikohozi kabla hawajataja jina. Na sheria yao ya kazini tulifundishwa nyumbani pamoja na kunawa mikono: ukiishuku sauti, usibishane nayo. Sema, "Samahani, mpigaji," kisha kata laini. Mwenye shida ya kweli atakuja kwa miguu yake.

Lakini sauti ya mtoto aliyemzaa mwenyewe, angeishukuje?

Nikataka kumwekea dawa yake ya macho nipate kutulia. Kwenye kimeza sikuiona. Nikakuta chupa nyingine, ya kijani, ya kampuni ambayo sijapata kuisikia.

"Ile ya hospitali iko wapi?"

"Nimeiacha. Si ulinishauri?"

Akanieleza bila wasiwasi wowote. Alikuwa anasomewa na Karani habari za presha ya macho. Katikati ya habari, bila hata kupumua, mimi nikamwambia dawa ya hospitali inachosha jicho, ajaribu matone ya majani. Siku iliyofuata mwendesha pikipiki akagonga mlango, akampa chupa. Mama akamshukuru, akamwambia anisalimie.

Nikashika ukingo wa kitanda. Nikamuuliza jicho linajisikiaje. Akasema linauma kidogo, linavuta mpaka kwenye paji la uso, na taa siku hizi ina duara la rangi rangi pembeni. Alidhani ni taa.

Nilimpigia daktari wa macho nikiwa uani, mama asisikie. Akaniuliza maswali machache, sauti yake ikabadilika. Akaniambia kliniki yake hufungwa adhuhuri, nimlete mama leo leo, nisithubutu kungoja wiki ijayo.

"Jicho likifika hapo," akasema, "likizimika haliwashwi tena."

Nililia, ndugu zangu. Nililia nimeegemea kamba ya kuanikia nguo, shuka za mama zimenifunika kichwa. Jicho moja ndilo lililobaki, na sauti yangu ndiyo iliyokuwa inalimaliza.

Nikarudi ndani, nikamwambia avae, dereva anakuja kumpeleka hospitali. Akanuna.

"Juzi umesema dawa ya hospitali mbaya, leo twende hospitali. Amua moja, mwanangu, mimi ni mtu mzima."

Nikamwambia aliyesema ya juzi si mimi. Akanyoosha mkono, akanipapasa uso wote, pua, mashavu, machozi.

"Kama si wewe," akauliza, "basi ni nani?"

Nikachukua simu yake, nikairudia ile sauti kwa masikio ya mtu wa kazi. Na kweli ni mimi. Si maneno yaliyoungwaungwa kutoka vipande vya magodoroni. Ni mimi niliyesema yote kwa pumzi moja, tena kwa uchungu. Nikairudia tena. Nyuma ya maneno nikasikia mvua.

Chumba cha magodoro hakina mvua. Hata bomu likilipuka nje hulisikii.

Basi nikaikumbuka siku hiyo. Mvua inapiga bati, nguo zake hazipo kabatini, mimi nimekaa sakafuni na simu mdomoni: "Tafadhali, niamini. Sitakuficha kitu. Sema ndiyo tu, urudi nyumbani."

Ujumbe ule niliutuma kwa mtu mmoja tu duniani. Na yeye akakata "urudi nyumbani," kilichobaki akawabandikia watu wenye macho mabovu.

Mtaniuliza, na mna haki, kwa nini sikumshika mama mkono nikampeleka hospitali mwenyewe. Nimejiuliza hilo mara nyingi kuliko ninyi. Dereva ni mtu wetu wa siku zote, ingawa mama alikuwa hajakutana naye, mama alihitaji muda wa kuoga na kuvaa, na ofisi yetu iko njiani. Nikasema nipite nikaizime hiyo sauti, kisha nitawakuta hospitali. Kila nikifikiria kwamba dakika ile ile mzee mwingine mahali fulani anaambiwa na mimi aache dawa, miguu ilikuwa inanipeleka yenyewe.

Simu nikamwachia, ili dereva aweze kumpigia. Nikambusu, nikaondoka.

Ofisi yetu ni vyumba viwili juu ya duka la vioo. Nilimkuta Mchoraji peke yake. Huyu ndiye anayechora vitufe na rangi za Karani, mtu wa maneno mengi, akianza utani hata njaa unaisahau. Nikamwambia anifungulie Karani ya umma.

"Kwani wewe huna, bosi?"

Sikuwa nayo. Na hapa ndipo mtu wa kazi yangu anapoweza kufanywa mjinga mchana kweupe. Maneno ya Karani hukaa kwenye kompyuta yetu katika rafu mbili. Rafu ya umma ni ya watu wote. Rafu ya majaribio ni ya sisi tunaotengeneza, ili kipya kikiharibika kituharibikie sisi kwanza. Simu yangu siku zote inasoma rafu ya majaribio. Ya mama ya zamani pia ilikuwa hivyo. Nilikuwa kama mpishi anayeonja sufuria moja kila siku, wageni wanapakuliwa nyingine. Isingekuwa ile ndoo ya kufulia, mpaka leo ningekuwa najisifu.

Mchoraji akaifungua. Kitufe cha Ndiyo kilikuwa kipana kama mlango. Hapana ilikuwa imejikunja pembeni, kijivu juu ya kijivu.

"Umechora wewe?"

"Nimechora mimi," akasema. Utani wote ulikuwa umemtoka. "Lakini nilidhani unajua, dada. Kila toleo lina dole lako."

Nikamwambia haiwezekani. Akanigeuzia kompyuta. Kila lililotoka kwenye rafu ya umma lilikuwa na madole mawili, la mume wangu na langu.

Madole mawili ni sheria yangu mimi. Niliitunga tulipofunga ndoa: hakuna kinachotoka kwenda kwa watu mpaka mume aweke dole gumba kwenye simu ya ofisi, na mke aweke lake. Nilidhani nimejenga ukuta. Kumbe nilivyokuwa nakaa, hedifoni masikioni, macho kwenye kazi, yeye alikuwa ananiletea simu chini ya pua. "Dole, mke wangu." Nami nanyoosha dole bila kuangalia. Kuna siku nilinyoosha na kumbusu mkono juu yake.

Kikulacho ki nguoni mwako. Mimi changu nilikuwa nakifulia na kukipigia pasi.

Nikamuuliza Mchoraji kwa nini alinyamaza hata alipoisikia sauti yangu ikibembeleza watu. Akasema alimuuliza Taratibu, akajibiwa ni mambo ya mke na mume, asiyaingilie. Akainamisha kichwa. Sikuwa na nafasi ya kumchukia wakati huo, nikaahirisha.

Nikaingia chumba cha magodoro, nikafunga mlango. Sikuandika kwanza, nilisema tu:

"Ni mimi mwenye sauti ya Karani. Sauti hii imetumika kuwadanganya, na dole lililoruhusu ni langu, kwa sababu niliweka bila kutazama. Kuanzia sasa msiifuate sauti hii, hata ikibembeleza, hata ikilia. Dawa yoyote iliyowashauri, iacheni. Rudini kwa daktari wenu."

Nikaipandisha kwenye rafu ya umma, mbele ya kila kitu, ili atakayeifungua Karani aisikie hiyo kwanza. Nikaweka dole langu. Safari hii nilitazama.

Likabaki la mume wangu.

Mchoraji akaniambia bosi mwenzangu yuko kwa kinyozi, anajiandaa. Watu wa kampuni ya yale matone, wanaomlipa, wanakuja mchana kupiga naye picha. Nikachukua simu ya ofisi, nikashuka ngazi.

Kwa kinyozi ni hatua chache tu, ng'ambo ya barabara. Kabla sijavuka kizingiti nikajisikia mwenyewe. Kwenye benchi alikaa mstaafu mmoja mwenye miwani mizito, simu sikioni, na mimi ndani ya simu nilikuwa namsomea matokeo ya mpira. Alikuwa anatikisa kichwa, timu yake imefungwa.

Taratibu alikuwa amelala kwenye kiti, taulo ya moto juu ya macho, povu mpaka shingoni. Kinyozi alikuwa anaunoa wembe. Mume wangu alionekana ametulia sana. Nilisimama nikamtazama, na nikaona aibu kwamba moyo bado ulimpenda kwa muda mfupi, kwa mazoea tu, kabla haujakumbuka.

"Dole, mume wangu," nikasema.

Akatabasamu chini ya povu. "Toleo la leo?"

"La leo."

Mkono ukatoka chini ya shuka la kinyozi, polepole kama yeye alivyo. Dole likatua kwenye simu. Hakuinua taulo. Mtu anayemwamini mkewe anainuaje taulo?

Kinyozi akaweka wembe kooni, akaanza. Kwenye benchi, matokeo ya mpira yakakatika katikati ya jina la mfungaji. Mzee akaitazama simu, akagusa kioo, akaanza upya.

"Ni mimi mwenye sauti ya Karani," nikasema kutoka kwenye mkono wa mzee. "Sauti hii imetumika kuwadanganya."

Taratibu akataka kuinuka.

"Usitikisike, kaka," kinyozi akasema. "Nina wembe hapa."

Basi akalala vile vile, taulo usoni, wembe shingoni, akasikiliza yote mpaka mwisho. Ilikuwa mara ya kwanza katika ndoa yetu kunisikiliza bila kunikatiza.

"Umefanya nini?" akauliza taratibu, midomo ikisogea kidogo tu.

"Nimekusemea ndiyo."

"Mke wangu—"

"Hata mvua hukuifuta, Taratibu. Ulichukua kilio changu ukakiuza na mvua yake."

Kinyozi akasimamisha mkono. Nadhani alikuwa anafikiria kama aendelee upande wa pili au angoje. Nami nikadhani mume wangu anatafuta namna ya kuomba radhi. Laiti angedanganya. Ningekuwa na kitu cha kushika.

"Ile uliyosomea magodoroni ilikuwa nzuri," akasema, "lakini haikuwa na uchungu. Watu walikuwa wanabonyeza hapana. Nilipoweka ile, hawakukataa tena."

Alisema hivyo kama anavyoniambiaga betri ya simu ipi inadumu. Sikuwa na uchungu wa kutosha, kwa hiyo akatafuta mahali nilipokuwa nao. Nikamuuliza swali moja tu, na sauti yangu ilikuwa inatetemeka mpaka mzee wa benchi akainua uso.

"Siku ile ulirudi nyumbani kwa sababu yangu, au kwa sababu ya ujumbe?"

Kinyozi akakohoa, akasuuza wembe ambao haukuwa na uchafu.

Mzee alikuwa ameniinukia. Alikuwa ananitazama mdomo, si macho.

"Wewe ndiye yeye?" akauliza. "Wewe ndiye unayenisomea?"

Nikamwambia ndiye. Nikamwomba, kama ana dawa yoyote aliyoshauriwa na Karani, aiache.

"Sasa binti yangu," akasema, "nikusikilize, au nisikusikilize? Maana umesema yote mawili."

Akasogea mpaka mwisho wa benchi, mbali na mimi, simu yake akaitia mfukoni.

Hapo Taratibu akaiondoa taulo. Nusu ya uso ilikuwa imenyolewa, nusu ina povu. Alikuwa ananitazama, na kitu kilichonitisha ni kwamba hakuwa na hasira. Alionekana kunionea huruma.

"Mama yako yuko wapi?" akauliza.

"Anakwenda hospitali kwa sababu yako. Amebaki na jicho moja na ulikuwa unalitia maji ya majani."

Rangi ikamtoka. Hilo hakulijua, namwamini. Kwake wale wote walikuwa vidole vinavyobonyeza, hakuwahi kufikiria mkwewe yumo.

"Anakwenda na nani?"

"Na dereva. Nitampigia sasa hivi."

"Utampigia," akasema. "Kwa sauti gani?"

Sikumwelewa. Nawaapia sikumwelewa mpaka simu yangu ilipoita, na alikuwa dereva. Akaniambia yuko mlangoni kwa mama. Amegonga, mama amefungua dirisha kidogo na kulifunga. Anamdhani ni yule wa pikipiki, anasema hataki chupa nyingine.

Nikakaa kwenye benchi la kinyozi. Saa ya ukutani ilikuwa inaelekea adhuhuri, na kutoka pale hadi kwa mama, kisha hospitali, hata kwa pikipiki nisingewahi. Dereva ndiye aliyekuwa njia pekee. Nikampigia mama.

Akapokea mara moja.

"Mama, ni mimi. Mfungulie dereva, tafadhali, muda unakwisha."

"Karani amenikataza sasa hivi," akasema. "Nisiifuate sauti hii, hata ikibembeleza."

"Aliyekukataza ni mimi, mama. Nilikuwa nazungumzia ile nyingine."

"Ilikuwa hii hii."

Nikamwambia aniulize chochote. Jina alilokuwa ananiita nikiwa mdogo, ugonjwa uliomuua baba, mahali tulipomzika paka wetu. Nikasikia anavuta pumzi, na nyuma yake, kwa mbali, dereva wa watu anagonga.

"Nikuulize kipi usichokijua?" akasema. "Si nilikuruhusu usome kila kitu?"

"Asubuhi nilikuwa hapo. Umenishika uso, mama. Nilikuwa nalia."

"Uso niliushika," akasema mama yangu, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayeogopa. "Sasa hivi nimeshika simu."

Taratibu alikuwa amesimama katikati ya chumba na shuka la kinyozi shingoni. Mzee alikuwa ananitazama. Nilijua yapo maneno mahali fulani, maneno mengine, ya mtoto na mama yake, ambayo hayajawahi kupita kwenye simu ya mtu yeyote. Nikayatafuta. Yote yakanikimbia, yakabaki yale tu.

"Tafadhali, mama," nikasema. "Niamini."

Kisha nikaisikia sauti ambayo sijaisikia tangu nikiwa mtoto, nikimngoja amalize zamu kule kwenye mitambo, sauti ya upole, ya kazini.

"Samahani, mpigaji," akasema, akakata laini.